Presha ya Asubuhi Haihesabiwi

Julai ya Tabora ina baridi yake. Mji umekaa kwenye uwanda ulio mita kama 1,200 juu ya usawa wa bahari, na kabla jua halijapanda utawakuta mafundi wa gereji wamelizunguka jiko la mama wa chai, vikombe viganjani, kila mmoja akisubiri ubaridi wa spana uishe. Ndivyo nilivyowakuta asubuhi ile. Kando yao, chini ya mwembe mkubwa, lilikuwa limelala lori la tani kumi lenye shehena ya tumbaku ya kutoka Urambo kwenda Morogoro.

Lori lilifika jana yake jioni. Dereva alieleza kwamba taa ya oili inamsumbua: asubuhi haiwaki, barabarani haiwaki, lakini akishatembea saa mbili tatu na kusimama kizuizini, injini ikabaki kwenye silensa, taa inaanza kupepesa. Akigusa mafuta kidogo, taa inazimika. Alitaka litazamwe usiku uleule. Fundi mkuu akamwambia zima, kalale, tutaonana asubuhi.

Sasa dereva alikuwa amerudi, na maneno aliyaanza kabla ya salamu. Fundi akamkata. "Mzaramo, hata salamu umeiacha Urambo? Sema mwangaluka kwanza." Watu wakacheka, dereva akacheka, akasema mwangaluka. Utani wa Wanyamwezi na Wazaramo ni mali ya zamani. Wazee husema ulizaliwa njiani, enzi za misafara, watu wa bara na watu wa pwani walipolazimika kupita kwenye nchi za wenzao wakiwa na njaa, mizigo na hofu. Dereva wa Kisarawe anayebeba tumbaku ya Urambo bado anaifuata njia ile, kwa magurudumu tu.

Nilitaka kujua kwa nini fundi hakuigusa injini jana. Alijibu huku akifungua swichi ndogo ya presha ubavuni mwa injini. "Jana ilikuwa na moto wa safari, lakini sikujua imetembeaje. Nataka niione ikiamka, niisindikize mpaka ichoke." Mahali pa swichi akafunga bomba jembamba lenye geji yake mwenyewe, ya mshale, kioo chake kimekwaruzwa na miaka. Taa ya dashibodi, alisema, inajua maneno mawili tu, ndiyo na hapana. Geji inasimulia.

Injini ikawashwa. Mshale ukaruka mpaka kilo tano na nusu kwa kila sentimita ya mraba, ukatulia hapo ukitetemeka. Dereva akapiga makofi. "Si unaona, fundi? Presha ipo!"

Fundi hakutazama hata mara ya pili. "Presha ya asubuhi haihesabiwi."

Sentensi hiyo ndiyo iliyonifanya nikae pale siku mbili.

Wengi wetu tunadhani pampu ya oili hutengeneza presha kama mpishi anavyotengeneza uji. Sivyo. Pampu ya injini nyingi ni magurudumu mawili ya chuma yenye meno yanayozungukana. Kila mzunguko hubeba kipimo kilekile cha oili kutoka kwenye bakuli lililo chini ya injini na kukisukuma mbele. Ikiwa njia iko wazi kabisa, oili inapita na mshale haunyanyuki. Presha huzaliwa pale oili inapokataa kupita upesi. Mbele yake kuna vitobo, mifereji, na hasa ile nafasi kati ya kranki na beringi zake, nafasi ya kama sehemu tano kati ya mia za milimita moja. Pampu inasukuma, nafasi inabana, oili inagoma. Mgomo huo ndio geji inaousoma. Mtoto anayeziba mdomo wa mpira wa maji kwa kidole gumba anaijua kanuni hii bila kufundishwa.

Na oili ya baridi inagoma zaidi. Ndiyo maana mshale wa asubuhi unapanda, mpaka ile vali yenye springi inafunguka na kuirudisha bakulini oili iliyozidi. Kwa macho ya dereva, kilo tano na nusu ni afya. Kwa macho ya fundi, ni oili iliyokwama njiani: geji imejaa, lakini juu kabisa ya injini, kwenye vali na mikono yake, huenda bado pakavu. Ndiyo maana alikataza injini isipigwe resi dakika zile za kwanza. "Anayekanyaga mafuta asubuhi anasaga chuma kwa chuma," alisema, "halafu anasema gari limenoki kwa bahati mbaya."

Mafundi husema oili nzito na oili nyepesi. Vitabu vya shule husema mnato. Ukipima kwa mizani, lita ya oili ya moto na ya baridi zinakaribiana sana. Kinachobadilika ni uharaka wa kutiririka. Hata hivyo neno la gereji si kosa. Kiswahili kimezoea kusema uji mzito na asali nzito, na msikilizaji hatafuti mizani.

Asali hasa ndiyo iliyomfundisha fundi huyu. Alizaliwa upande wa Sikonge, kwenye misitu ya miombo, baba yake mrina asali mwenye mizinga ya magome juu ya miti. Alipokuwa mtoto, kazi yake ilikuwa kuchuja. Asali ya asubuhi, anasema, unainamisha sufuria na unaweza kwenda kuchota maji ukarudi ndipo ifike ukingoni. Ileile saa nane mchana inakimbia na kitambaa hakiizuii. Hakuna aliyeongeza kitu, hakuna aliyepunguza. Jua tu limepita. "Kwa hiyo mtu akiniambia oili yake ni nyepesi, namuuliza kwanza: nyepesi saa ngapi?"

Swali hilo ndilo walilojaribu kulijibu waliotengeneza namba za kwenye madumu. Oili ya 15W-40, ambayo malori mengi hutumia, ina namba mbili kwa sababu ina tabia mbili. Ile yenye herufi W inaeleza itakavyokuwa kwenye baridi. Herufi yenyewe inatokana na majira ya baridi ya Ulaya na Marekani, ambako injini huamshwa theluji ikiwa imeifunika. Namba ya pili hupimwa oili ikiwa na nyuzi joto 100, kwa sababu huko ndiko injini inakofanyia kazi. Kwa vipimo vya maabara, oili ya namna hiyo ikiwa na nyuzi 40 huwa na mnato wa kama 110. Ikifika nyuzi 100 inabaki na 14 au 15 tu. Maji ya kawaida yana kama 1. Yaani kati ya kuamka na kuchoka, oili hupoteza zaidi ya sehemu sita kati ya saba za uzito wake wa asubuhi, na baki hiyo ndogo inatakiwa kuzibeba tani kumi za tumbaku. Isingekuwa nyuzi ndefu za kemikali zilizochanganywa humo, zinazojikunja kwenye baridi na kujikunjua kwenye moto, ingepoteza zaidi.

Injini haichoki kwa kunguruma mahali pamoja. Fundi alilisubiri lori lipate uvuguvugu, kisha akapanda na dereva, mimi nikajibana katikati, tukashika barabara ya Nzega. Geji aliipitisha dirishani, akaishika mkononi kama mtu aliyeshika saa ya babu yake. Geji ya maji ilifika mahali pake baada ya kilomita chache. Dereva akauliza kama tugeuze. Fundi akatikisa kichwa. Maji hupata moto mapema, oili huja nyuma taratibu. Anayepima maji yakishachemka anadhani amepima injini. Tulikwenda kilomita thelathini, tukarudi thelathini. Mshale ulishuka kidogokidogo: kilo nne na nusu, nne, tatu na nusu, wakati mwendo haukubadilika. Nilishangaa jinsi alivyokuwa hausomi mahali ulipo tu, bali jinsi unavyokwenda. Ukishuka pole na kutulia, joto linafanya kazi yake. Ukiendelea kushuka bila kituo, kuna jambo.

Haukutulia. Tuliporudi chini ya mwembe na injini ikaachwa kwenye silensa, ulikuwa chini ya nusu kilo. Injini ya aina ile ikiwa moto na imetulia hutakiwa kubakiza walau kilo moja. Taa ikaanza kupepesa.

Hapo maoni yakawa mengi. Kijana mmoja akasema beringi zimekwisha, tushushe bakuli, tufungue kranki. Mwingine akasema wekeni oili namba 50, presha itapanda, aende zake. Dereva akaiunga mkono rai ya pili haraka sana.

Fundi mkuu alizima injini. Akawaeleza wale vijana, sauti ya chini, kwamba mshale ukianguka kwenye moto kuna washukiwa wawili. Wa kwanza ni nafasi: beringi imekula, imepanuka, oili inamwagika pembeni bila kugoma. Wa pili ni oili yenyewe: imekuwa nyepesi kupita ilivyotakiwa. Geji haiwezi kukutajia ni yupi. Inasema tu kwamba mgomo umepungua. Anayefungua kranki anamhukumu wa kwanza bila kumsikiliza wa pili. Anayemimina namba 50 hamhukumu yeyote. Anauziba mdomo mshale, na gari litakufa Ugogo badala ya Tabora.

Kisha akaomba stiki ya oili. Akaichomoa, akaifuta kwa kitambaa, akairudisha, akangoja, akaichomoa tena. Wahenga walisema mchovya asali hachovyi mara moja, wakimsema mlafi. Kwenye oili, methali ileile ni kanuni ya kazi, maana mchovyo wa kwanza huja na matone ya njiani na haupimi kitu. Mchovyo wa pili ulionyesha oili iko juu ya alama ya mwisho, vidole viwili.

"Umeongeza lini?" akauliza.

"Sijaongeza, mzee. Gari hili halili oili kabisa," dereva akajibu kwa fahari.

"Mwanangu, gari lisilokula nalielewa. Hili linashiba bila kula."

Alinusa stiki, akanipa nami ninuse. Kulikuwa na harufu nyembamba ya dizeli nyuma ya harufu ya kuungua. Lakini pua, alisema, ni shahidi mmoja. Akadondosha tone kwenye karatasi nyeupe, na kando yake tone la oili mpya kutoka kwenye dumu la dereva la chapa na namba ileile. Baada ya muda tone la oili mpya lilikuwa limekaa kama sarafu. La injini lilikuwa na kiini cheusi na, nje yake, pete pana iliyofifia, iliyozidi kutambaa. Dizeli hukimbia mbele ya oili kwenye karatasi.

Shahidi wa tatu ndiye aliyenivutia zaidi. Alichukua chupa mbili nyembamba zilizowahi kuwa za dawa ya kikohozi, zinazofanana kabisa. Moja akaijaza oili ya injini, nyingine oili mpya, zote karibu na mdomo, akiacha kiputo cha hewa cha kiasi cha punje ya mtama. Nilidhani atazipindua palepale. Badala yake akaziweka zote mbili ndani ya beseni moja la maji, akakaa.

"Nusu saa," alisema. "Moja imetoka kwenye moto, nyingine kwenye dumu. Nikizilinganisha sasa nitakuwa nimelinganisha joto, si oili."

Katika kazi nzima ile, hapo ndipo nilipoona ufundi wenyewe. Maabara ina mitambo ya kushikilia joto lisipande wala kushuka hata sehemu ya nyuzi moja. Yeye ana beseni na nusu saa. Kanuni ni ileile.

Kungoja si jambo geni Tabora. Wapelelezi Burton na Speke walifika hapa, wakati ule wakipaita Kazeh, Novemba 1857, wakakaa zaidi ya mwezi mmoja wakitafuta wapagazi. Stanley alifika mwaka 1871 akakwama miezi mitatu hapo Kwihara kwa sababu ya vita vya mtemi Mirambo. Wapagazi wa Kinyamwezi wenyewe, waliobeba kama kilo thelathini kila mmoja kati ya Bagamoyo na bara, walikuwa na kanuni yao ya joto: waliondoka alfajiri na kutua mizigo kabla jua halijafika utosini. Walijua kwamba mzigo wa asubuhi na wa saa saba si mzigo mmoja, ingawa mizani inaapa ni uleule.

Halafu ikaja reli, mwaka 1912 ikafika Tabora, na 1914 ikafika Kigoma. Fundi alijifunza kazi kwa mstaafu wa reli, mtu aliyekuwa akipaka mafuta kwenye ekseli za mabehewa. Treni ikisimama, mstaafu huyo alipita behewa kwa behewa akigusa kila kasha la ekseli kwa mgongo wa kiganja, kwa sababu kiganja cha mbele kimekufa ganzi kwa kazi. Kasha lililokuwa na moto kuliko wenzake lilikuwa limeishiwa mafuta ndani.

Ni kwenye ekseli kama hizo siri ya oili ilipogunduliwa. Mwaka 1883 mhandisi wa Uingereza, Beauchamp Tower, alikuwa akijaribu beringi za reli. Alitoboa tundu juu ya beringi ili aweke kilainishi. Ekseli ilipozunguka, oili ikapanda kutoka tunduni badala ya kushuka. Akaziba kwa kizibo, kizibo kikasukumwa nje. Akaweka geji, na presha ikazidi kiwango cha geji yake. Hakukuwa na pampu popote. Ekseli yenyewe, kwa kuzunguka, ilikuwa inaivuta oili na kuibana mpaka inainyanyua beringi. Miaka mitatu baadaye Osborne Reynolds akalieleza jambo hilo kwa hesabu. Tangu hapo tumejua kwamba kranki inayozunguka haikai juu ya chuma. Inaelea juu ya utando wa oili mwembamba kuliko unywele. Kazi ya pampu ni kuulisha utando huo tu. Na utando unategemea mnato, na mnato unategemea joto.

Kwenye reli hiyohiyo zilipita hapa, zikiwa ndani ya masanduku, sehemu za meli iliyojengwa Papenburg, Ujerumani, na kuunganishwa upya Kigoma. Wajerumani walipoizamisha Ziwa Tanganyika Julai 1916, mafundi wake waliipaka mitambo grisi nzito kwanza. Waingereza waliiinua mwaka 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Wale mafundi walikuwa wanakimbia vita, lakini hawakukimbia kabla ya kupaka.

Nusu saa ikaisha. Fundi akazitoa chupa, akazifuta, akazishika pamoja, akazipindua kwa mkono mmoja. Akahesabu kwa sauti. Kiputo cha oili mpya kilifika juu kwenye nne. Cha oili ya injini kilikuwa kimeshafika kabla ya tatu. Akarudia mara mbili. Kisha akampa kijana aliyetaka kufungua kranki ahesabu mwenyewe.

Mshukiwa wa pili alikuwa amekiri, lakini mzee hakumwachia wa kwanza aondoke bila kukaguliwa. Oili nyepesi huenda ilikuwa imeshazila beringi. Akafungua filta, akalikata kasha lake, akaikunjua karatasi ya ndani mkunjo kwa mkunjo juani, akitafuta mng'aro wa chuma. Kulikuwa na masizi ya kawaida. Mng'aro haukuwepo. "Limewahi," alisema.

Dizeli ilikuwa inapita kwenye pampu ya nozeli iliyochakaa na kushuka ndani ya injini, kidogokidogo, kila kilomita. Pampu ikafunguliwa ikapelekwa kwa fundi wa pampu, kwa sababu huyu wetu anajua pia mpaka wa ufundi wake. Oili ikamwagwa ndani ya madumu, na jirani akaja kuiomba apake nguzo za banda dhidi ya mchwa. Akapewa kwa onyo kwamba ina dizeli, asipake nguzo za jikoni.

Kesho yake jioni pampu ilirudi, oili mpya ikaingia, namba ileile 15W-40, wala si 50. Dereva alidhani amemaliza. Fundi akafunga tena geji yake, tukashika tena barabara ya Nzega, thelathini kwenda, thelathini kurudi. Chini ya mwembe, injini ikiwa moto na imetulia kwenye silensa, mshale ulisimama kwenye kilo moja na nusu. Akaungoja dakika kumi nyingine. Haukusogea.

Ndipo akachukua rangi nyeupe na brashi ndogo, akafungua mlango wa dereva, akaandika upande wa ndani: tarehe, kilomita, na maneno matatu, *moto, silensa, 1.5*.

"Ukifika Manyoni, Dodoma, Morogoro, popote," akamwambia Mzaramo wake, "fundi akitaka kukufungulia kranki, mwonyeshe hapa kwanza. Mwambie apime hivihivi, likiwa moto."

Dereva alisoma maandishi yale, akawasha injini. Mkono wake ulienda kwenye gia, kisha ukasita. Akaiacha ingurume dakika moja zaidi.